Ringi Kubwa na Mkono wa Shangazi Salma

Kuna siku moja, Mwanangu, ambayo naikumbuka kwa sauti kuliko kwa sura. Ni sauti ya mpira wa gari ukijisugua na bati: khrrr, kimya, khrrr tena. Mpaka leo nikisikia mtu anaburura kiti, moyo wangu huondoka nilipokaa ukaenda kusimama mlangoni.

Na leo tangu asubuhi sauti hiyo imo masikioni mwangu, na sababu ni wewe, mjukuu wangu Ilham. Umetuma picha mbili, kutoka huko ughaibuni unakosoma, kwenye kundi letu la familia kwenye simu. Ya kwanza, kigari chako kidogo kimevaa ringi kubwa za kumeremeta, inchi kumi na saba, na tairi za kawaida zenye ubavu mwembamba kama chapati. Ya pili, kigari hicho hicho kimevaa ringi nyeusi za chuma, inchi kumi na nne, na tairi za baridi zenye ubavu mnene na meno marefu. Chini ukaandika: "Fundi anataka jibu leo, theluji inakuja Alkhamisi. Pigeni kura."

Mjomba wako Said akawa wa kwanza: "Ya kwanza! Hiyo ya pili gari la kuchukulia kuku." Wakacheka wote. Wameshapiga kura watu kumi na mmoja, na kumi na mmoja wote wametaka ya kwanza. Nimebaki mie.

Nimekwenda barazani nimerudi, nimekwenda tena. Simu naishika naiweka. Bibi yako ananiangalia juu ya miwani yake, ananiambia, "Kaa basi, bwana wee, unalimaliza zulia." Sikai. Nitakaaje? Theluji haipigiwi kura.

Sasa utasema, huyu babu anajua nini baridi. Kweli, sijui. Baridi yangu mie ni hii ya Maskati ya mwezi wa Januari, watu wanajifunika mashali wakaenda Qurum ufukweni kunywa chai wakajiona mashujaa. Theluji nimeiona kwenye televisheni tu. Na skuli nliishia darasa la tatu, ndiyo maana maandishi yangu haya yanakwenda upande kama kaa. Lakini ringi, Mwanangu, nazijua. Ringi zimenifunza zaidi ya mwalimu yeyote, na ada ya masomo hayo hakuitoa mwenye kusoma.

Nlikuwa kijana wa miaka ishirini na tano. Tulikuwa tumetoka Unguja tukakaa Matrah, hapa hapa Maskati, mama yangu amebaki huko chini ya mchanga, Mungu amrehemu, na aliyenilea ni Shangazi Salma, dada yake baba. Mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na mkono mwepesi. Nazi akiikuna yeye, unadhani mbuzi ndiye anayekimbia na mkono umetulia. Vitumbua vyake vilikuwa vinaagizwa Matrah nzima. Kwa mkono ule nimekula, nimevaa, na nimepigwa makofi pale nilipostahiki, na mara mbili pale nisipostahiki, lakini hayo tuyaache.

Nlikuwa na kigari cha Kijapani, kidogo, cheupe. Kizuri kwa mtu mmoja mwenye akili zake. Mimi akili nlikuwa nimeziazimisha, maana nlikuwa nimemuona msichana harusini, na wazee wangu wamekubali kwenda kunichumbia kwao, Qurayyat. Jina lake Zuweina. Nadhani jina hilo unalijua, ndilo la huyu anayelalamikia zulia.

Nikajiambia: nitafika vipi Qurayyat na gari lenye miguu midogo kama ya kuku? Watasema huyu kijana hana kitu. Wahenga wamesema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo nlikuwa naijua, lakini nlidhani inawahusu watu wengine. Nikenda kwa fundi wa tairi Matrah, Mbaluchi mmoja mzee, nikamkuta na ringi nne za mtumba zilizotoka kwenye gari kubwa. Zinametameta! Nikamwambia, nifungie hizi.

Akaziangalia, akaniangalia mie. "Hii ya gari kubwa. Gari yako mtoto."

"Funga tu, mzee. Mtoto naye huvaa viatu vya Idi."

Akafunga. Gari likashushwa kutoka kwenye jeki, nikaingia, nikazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Kimya. Hakuna kinachogusa kitu. Nikatoka nikalizunguka mara tatu, nikaliona limesimama kama farasi. Nikasema, limekaa! Jioni ile nikalipeleka Qurum, nikapita mbele ya mahoteli, nikarudi, nikapita tena. Peke yangu. Liweke hilo neno mahali pazuri, Mwanangu, nitakuja kuliuliza.

Ijumaa baada ya sala tukaondoka. Mbele kakaa Ami Hamdun, ndugu yake baba, mtu ambaye akikaa kwenye kochi wengine husimama wenyewe. Nyuma Shangazi Salma na mke wa Ami. Na kwenye buti, makopo ya halua na mfuko wa nguo za heshima. Gari likashuka kwa uzito. Nliliona likishuka, sikuambiwa na mtu. Nikasema moyoni, litazoea.

Tulipofika bonde la kwanza tu: khrrr.

"Nini hicho?" Ami Hamdun kauliza.

"Changarawe, ami."

Unaona jinsi uongo unavyokuwa mwepesi? Hauna uzito hata wa kulishusha gari. Tukapita tuta jengine: khrrr. Shangazi Salma akasema kwa upole nyuma, "Changarawe gani hii, mwanangu, inatufuata tangu Matrah?"

Ami akacheka mpaka gari likatikisika, na lilipotikisika, khrrr. Nami badala ya kusimama, nikafungua kaseti. Nikapandisha sauti ya taarabu ili wasisikie. Ndiyo. Huyu babu yako unayemuona anakwenda swala ya alfajiri na fimbo alifanya hivyo: alikuwa na watu watatu ndani ya gari, gari linamwambia kitu, akalizibia mdomo.

Njia ya Qurayyat inapita milimani, inapanda na kupinda, halafu inashuka. Wakati wa kushuka, uzito wote ukaja mbele na ubavuni. Ile tairi ya mbele ilikuwa imeshaliwa na bati la madigadi, lile linalofunika gurudumu, kidogo kidogo, njia nzima, na kwenye kona moja ikapasuka. Sikusikia mlio, nlisikia usukani ukinitoka. Kushoto kwetu jabali, kulia hakuna kitu, hewa tu. Gari likavutwa kushoto. Alhamdulillahi kushoto! Wala si ustadi wangu, tairi iliyopasuka ilikuwa ya upande huo, basi. Likagonga mawe, likasimama.

Tukatoka. Ami Hamdun anasoma dua zote anazozijua na baadhi asizozijua. Mke wa Ami analia. Shangazi Salma akatoka wa mwisho, mkono wa kulia kauficha ndani ya buibui. Nikamuuliza, "Shangazi, umeumia?" Akanijibu, "Funga tairi, tunangojewa."

Wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini methali haikuniambia yote, Mwanangu. Guu langu halikuvunjika hata kidogo. Uliovunjika ulikuwa mkono wa mtu mwengine.

Tairi la akiba lilikuwa lile la asili, dogo. Kwa hiyo tukaingia Qurayyat pole pole, miguu mitatu mikubwa na mmoja mdogo, gari linachechemea kama mbuzi aliyekatwa na kigae. Mzee Khalfan, baba yake Zuweina, alikuwa amesimama mlangoni kutupokea. Akaliangalia gari, akaliangalia tena. Akasema, "Karibuni. Na gari nalo karibu, lipumzike." Nlitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Qurayyat ni mawe, haimezi mtu.

Wanaume tukakaa majlisi, chumba cha wageni. Haya yaliyotokea ndani kwa wanawake sikuyaona, nimehadithiwa na Zuweina mwenyewe, na kila mwaka huniongezea kidogo, lakini kiini chake ni hiki. Ikaletwa kahawa. Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuambiwa: kikombe cha kahawa kinapokewa kwa mkono wa kulia. Ukipokea kwa kushoto umewaambia wenyeji hawana maana kwako. Na ukikikataa, umekuja na shari, khasa siku ya posa. Shangazi Salma mkono wake wa kulia ulikuwa umeshavimba kama muhogo uliorowekwa. Akautoa kwenye buibui, akapokea kikombe. Akanywa. Akaongezwa, akapokea. Akanywa. Mara ya tatu akapokea tena, halafu ndiyo akakitikisa kile kikombe, kuonyesha ametosheka. Akakitikisa kwa mkono ule ule! Na wakati wote anazungumza, anasifu tende, anauliza khabari za jamaa.

Kisha Zuweina akaingizwa kusalimia. Akainama kuubusu mkono wa mkubwa wake, kama ilivyo ada. Akauhisi una moto. Akainua macho, na Shangazi Salma akamtazama tu, mtazamo wa kusema, nyamaza binti yangu. Akatoka, akarudi na kitambaa na manjano na chumvi, akamvuta pembeni kama anayemuonyesha kitu, akamfunga. Alipokuwa anafunga akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Ndiye yeye alokuwa akiendesha?"

"Ndiye."

"Aliendesha mbio?"

"Hakuendesha mbio," Shangazi Salma akamjibu. "Alijipamba."

Nakwambia, Ilham, mimi nimehukumiwa katika dunia hii na mabosi na mahakimu wa barabarani, lakini hukumu iliyonikaa ni neno hilo moja. Na sikulisikia kwa masikio yangu.

Tukaondoka na jibu la kawaida: tutaomba istikhara, Mola atuonyeshe njia, tutakuleteeni khabari. Zikapita siku kumi na mbili. Sikulala, sikula. Nlikuwa kama nilivyo leo, mlangoni na kurudi. Aliyekuwa akiunga mifupa Matrah akamfunga Shangazi mkono, akasema utapona. Ukapona kwa kushika kikombe, kwa kuvaa, kwa kusalimia. Kwa kukuna nazi, haukurudi. Vile vitumbua vilivyokuwa vinaagizwa vikakoma. Alipoulizwa alijibu amechoka na moshi. Hakunitaja. Hata siku moja hakunitaja.

Siku ya tano au ya sita nikaenda kumpigia magoti. Nikamwambia nimekosa, ile haikuwa changarawe, nlijua. Akawa anajaribu kuchambua mchele kwa mkono wa kushoto, punje zinamtoroka. Hakunikaripia. Akaniuliza, "Zile ringi ulipozijaribu, zilikuwa hazigusi?"

"Hazigusi, Shangazi. Wallahi hazigusi."

"Na ndani alikuwamo nani?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Aa," akasema. Akarudi kwenye mchele wake.

Hilo ndilo neno nlilokuambia uliweke mahali pazuri. Peke yangu. Nlipima miguu ya gari watu hawajakaa.

Nikatoka pale sioni mbele. Kesho yake nikenda kwa yule Mbaluchi, nikamwambia toa hizi, rudisha zangu ndogo. Lakini safari hii sikwenda peke yangu. Nyuma niliweka magunia ya mchele, uzito wa wanawake wawili, na mbele nikamuomba Ami Hamdun aje akae.

"Nimekuwa gunia mimi?" Ami akauliza.

"Ami, wewe ni zaidi ya gunia."

"Hiyo ni sifa au matusi?" Lakini akaja, akakaa, kajikunja na magazeti yake. Nikaendesha juu ya kila tuta la Matrah, nikapinda kila kona, kioo wazi, hakuna kaseti, nasikiliza. Kimya. Yule fundi mzee akatikisa kichwa, akasema kitu ambacho sijakisahau: "Miaka yote watu huniletea gari. Hakuna aliyeniletea watu."

Siku ya kumi na mbili jibu likaja kutoka Qurayyat. Zuweina hajakataa wala hajakubali. Ametoa sharti. Wachumba wengine hutakiwa dhahabu, mie nilitakiwa hivi: nije tena na gari lile lile, kwa njia ile ile, na Shangazi Salma akae pale pale alipokuwa amekaa. Akikubali yeye kupanda, basi Zuweina naye amekubali.

Hebu fikiri. Nitakwenda vipi kumwambia mtu niliyemvunja mkono apande tena, ashuke mlima ule ule na dereva yule yule? Nlisimama nje ya mlango wake nikahesabu misumari ya mlango. Mwisho akanifungulia yeye. Khabari alikuwa nazo zamani. Alikuwa kashavaa buibui.

"Miguu ya gari umeirudisha?"

"Nimeirudisha."

"Umeipima?"

"Na Ami Hamdun ndani."

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Tukaondoka. Mimi kila bonde nakaza meno, kila tuta nasikiliza. Kwenye ile kona ya jabali nikapunguza mwendo mpaka gari la nyuma likanipigia honi. Nikatazama kwenye kioo kuona kama ameshika mlango, kama anasoma dua, kama macho yamemtoka.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mkono ule mbovu umelala mapajani kama kitu kisicho na khofu. Nikalia njia nzima mpaka Qurayyat, pole pole, nisije nikamuamsha.

Sasa nisikilize, Mwanangu Ilham, na wengine wote kwenye kundi mnaocheka, wewe Said khasa. Mie sina uadui na kumeremeta. Ujana ni kujipamba, na gari likipendeza si haramu. Lakini hiyo baridi yenu haina macho ya kutazama ringi. Tia halua kwenye friji usiku mmoja, kisha ibonyeze: imekuwa jiwe. Ndivyo mpira wa tairi la kawaida unavyokuwa kwenye baridi, unakakamaa, haushiki njia. Tairi la baridi limepikwa vyengine, hubaki laini pale mwenzake anapokakamaa. Ndiyo maana lipo. Na ringi ndogo huacha nafasi ya ubavu mnene, na ubavu mnene hupokea shimo na jiwe usilipokee wewe. Wala usidanganywe ukafunga mawili ya baridi mbele ukaacha mawili ya kawaida nyuma. Nishaingia mji wa watu na miguu isiyolingana, najua kichekesho chake, na kwenye theluji hakutakuwa na cha kucheka. Funga yote manne. Na uangalie yametengenezwa mwaka gani, imeandikwa ubavuni. Tairi zee ni zee hata kama halijatembea, kama babu yako.

Halafu fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna karatasi imebandikwa, ina ukubwa wa tairi ambazo gari lako linazikubali, na upepo wa kutia. Utaona upepo wa aina mbili: wa gari tupu, na wa gari lililojaa. Nlipoiona karatasi ile kwa mara ya kwanza, nimeshakuwa mtu mzima, nlikaa chini. Walioliunda gari walijua siku zote kwamba kuna watu watapanda. Mie ndiye niliyekuwa sijui.

Maana wewe, Ilham, kila alfajiri unawachukua wenzako watatu mnaosomea uuguzi, unawapeleka hospitali kwenye kile kilima ulichotuonyesha. Kila mmoja wao ana mama yake mahali, anakwenda mlangoni na kurudi. Hao ndio wenye kura. Sisi wa Maskati tunatazama gari likiwa tupu. Na gari likikwambia kitu, usilipandishie kaseti.

Kwa hiyo kura yangu hii hapa, moja dhidi ya kumi na moja: ya pili, ya kuku. Bibi yako anasema niandike ni mbili pamoja na yake, na tukihesabu na ya mkono wa Shangazi, basi tatu. Bado tumeshindwa. Haidhuru. Fuata walioshindwa.

Ukishafunga, nitumie picha ya tatu, si ya gari tupu. Wewe na wenzako wote ndani, mmejibana na mikoba na makoti yenu, ndipo nitakapokaa.

Mola akuepushe na kona usizoziona, akufikishe wewe na kila aliyekukabidhi roho yake kwa kukaa nyuma yako tu bila kukuuliza. Na akujaalie, Mwanangu, uwe dereva ambaye watu wakipanda gari lake husinzia.